Kitabu Namba Thelathini na Moja

Karatasi ya garde à vue, ya kumshikilia mtu kituoni, ilisema saa nane mchana. Ikifika saa nane, Inspekta Germaine Banza alipaswa kufanya moja kati ya mambo mawili: kumtuma Mama Martine parke, kwa waendesha mashtaka, au kumfungulia mlango aende nyumbani. Na nyumbani kwenyewe kulikuwa wapi? Mlango wa nyumba yake ulishavunjwa. Nje ya geti la polisi watu walisimama tangu juzi, wengine na mawe mkononi, wala hawakuyaficha.

"Kosa yake njo nini?" Germaine alimuuliza kamanda asubuhi ile. "Munionyeshe article, mon commandant. Article gani inakatazaka muntu kuandika hadithi?"

"Germaine, usinifundishe sheria. Minye sitaki maiti mbele ya ofisi yangu. Umutume parke."

"Kule atakaa miezi sita mbele muntu afungue dossier yake."

"Atakaa muzima. Ukinipatia maneno ya kuambia bale bantu, namufungua. Kama huna maneno, saa nane gari inamubeba."

Germaine alirudi ofisini amefunga mdomo kama mtu aliyemeza pilipili. Saa mbili asubuhi. Alikuwa na saa sita tu.

Juu ya meza kulikuwa na kitabu chenyewe. Kidogo, kurasa thelathini na mbili, kimeshonwa kwa uzi mweupe wa magunia ya madini. Mbele kimeandikwa Ngazi ya Kushuka, na chini yake, kwa mkono, namba 31.

Mama Martine alikuwa mjane mwenye kupiga mashine ya kuandikia. Mchana aliandikia watu barua na maombi ya kazi kwenye kibanda chake karibu na soko. Nyakati zake mwenyewe aliandika hadithi za ajabu: nyumba inayohesabu wakaaji wake kila asubuhi na kukuta mmoja amezidi, treni inayoleta abiria ambao hawajazaliwa. Kila mwaka kitabu kimoja. Arsène, mwenye mashine ya zamani ya kunakilisha, roneo, alimchapia nakala sitini za kila kimoja, basi. Ya sitini na moja hakuna. Na kila msomaji alikuwa na namba yake ya maisha: ukianza na namba nne, kila mwaka unapata namba nne mpaka ufe. Wengine walisoma. Wengine walifunga vitabu ndani ya kabati wakatembea na ufunguo.

Kitabu cha mwaka huu kilitoka mwezi wa sita. Ndani yake wachimbaji wanashuka shimoni na kukuta mji mwingine chini, na muitaji amesimama njiani akiita watu. Mwezi wa kumi, upande wa Kamatanda, shimo liliwaangukia vijana watatu: Rolly, Merdi na Fidèle. Siku tano baadaye picha ya ukurasa wa ishirini na tatu ikaanza kuzunguka kwenye simu, kutoka kwa namba isiyojulikana na mtu. Muitaji alikuwa anaita, "Rolly! Merdi! Fidèle!" Na pembeni ya ukurasa, picha ya jalada: namba 31.

Mhubiri mmoja alisoma ukurasa ule kwa haut-parleur, kipaza sauti. Kabla ya jioni, mlango wa Mama Martine ulikuwa chini, na polisi walikuwa wamembeba.

Germaine alimtoa cachot, chumba cha mahabusu, akamkalisha kwenye kiti.

"Mama Martine, haya majina uliandika weye?"

"Unaniuliza mara ya tatu, Inspekta. Masikio yako iko na shida?"

"Nijibu tu, Mama."

"Hapana. Mu hadithi yangu bale bantu habana majina. Muitaji anaita, na hakuna mwenye anasikia anaita nani. Soma buku ingine yoyote."

"Nilisoma ya Mwalimu Parfait. Inasema vile. Lakini hii inasema vingine."

"Basi hii haiko yangu!" Mama Martine alipiga meza. "Miaka makumi mbili na mbili minapiga mashine. Niliandikia bantu demande ya kazi, barua ya kuachana, barua ya kuomba mukubwa musamaha. Hakuna mwenye alikufwa. Nusu ya bale benye kuwa ku geti, minye njo niliwaandikia barua za kuchumbia bibi zao! Leo njo minaua bantu na bic?"

Évariste, msaidizi wa Germaine, alikohoa kuficha kicheko. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na hakuna kitu kilichomshangaza tena, isipokuwa chai ikiwa na sukari ya kutosha.

"Nani anaweza kukuchukia hivi?" Germaine aliuliza.

"Kunichukia? Mwenye alifanya hii hanichukie. Mwenye chuki angetupa jiwe."

Germaine aliandika maneno hayo kwenye PV, ile karatasi rasmi ya maelezo, akayapigia mstari. Mama Martine aliporudishwa ndani, alivuta kitabu akaanza kukifungua ukurasa mmoja mmoja, pole pole, kama mwanamke anayechambua mchele. Kitabu namba 31 kilikuwa cha marehemu Dodo, dereva na fundi wa taxi-moto, aliyekufa mwezi wa nane. Dodo alisoma huku akitengeneza pikipiki. Karibu kila ukurasa ulikuwa na dole gumba lake jeusi la mafuta, pale pale chini, mahali pa kugeuzia.

"Évariste. Kitendawili."

"Tega, Inspekta."

"Nyumba ya fundi wa pikipiki. Vyumba vyote viko na mafuta. Chumba kimoja kimepigwa deki."

Évariste aliwaza. "Bibi yake alingojea bageni."

"Bageni gani? Angalia."

Ukurasa wa nane, dole. Wa tisa, safi. Wa kumi, safi. Kumi na moja mpaka ishirini na mbili, madole. Ishirini na tatu na ishirini na nne, safi kabisa. Kisha mafuta tena mpaka mwisho.

"Kurasa nne," Évariste alisema.

"Kurasa nne, karatasi moja." Germaine alikunjua kitabu katikati, akamwonyesha jinsi karatasi inavyokunjwa: upande mmoja una tisa na ishirini na nne, upande wa pili una kumi na ishirini na tatu. Ukitaka kubadilisha ishirini na tatu, lazima utoe karatasi nzima. Alilamba kidole akasugua neno moja la ukurasa wa nane. Kidole kikawa cheusi. Akasugua ukurasa wa kumi. Kidole kilibaki kama kilivyokuwa.

"Ile ya kwanza ni wino ya roneo. Hii ni fotokopi," alisema. "Muntu alikopia karatasi, akatia majina, akatoa ya Dodo, akaingiza yake. Akashona tena."

"Donc tumemaliza? Tumufungue Mama?"

"Bale ba ku geti watasema Mama mwenyewe njo alibadilisha. Hapana. Wanataka jina."

Mjane wa Dodo, Jenny, alikuwa kwenye baraza. Watu walivamia kwake pia kuchukua kitabu, na bado alikuwa na mkwaruzo shavuni.

"Shangazi, niambie tu njia ya hii buku," Germaine alimwambia kwa upole. "Kutoka Dodo amekufwa mpaka bantu wanaingia kwako."

"Ilikaa mu sanduku. Minye siisomake. Ninaifunguaka tu nisikie arufu ya mafuta yake." Jenny alifuta pua. "Uzi ikakatika. Nikapeleka kwa Papa Arsène aishone. Ile ilikuwa mbele shimo ianguke, siku mbili tatu. Kisha Bwana Steve akaniletea."

"Steve gani?"

"Mwenye kuuzisha bapanneau solaire, za umeme ya jua. Na yeye iko na namba. Alisema alipita kwa Papa Arsène, akaona anisaidie njia. Muntu muzuri. Kisha akarudi, akasema kama hii makelele ikiisha, nimuachie buku, yeye atailinda muzuri. Nikamutilia sinyatire."

"Alikuletea siku gani?"

"Siku ya matanga ya bale batatu. Na keshoye njo picha ilianza kutembea."

Mikono mitatu, basi: Jenny, Arsène, Steve. Germaine alianza na mwenye mashine.

Karakana ya Arsène ilikuwa nyuma ya ukumbi wa parokia, chumba chenye harufu ya wino na panya. Arsène, mzee mwembamba, alipomwona Inspekta alisimama mbele ya kabati akanyoosha mikono kama anayezuia mbuzi.

"Kuna nini mu kabati, Papa Arsène?"

"Hakuna kitu."

"Basi hakuna kitu isogee kidogo, nipite."

Ndani kulikuwa na rundo la stensili, zile karatasi za nta ambazo mashine inapitishia wino. Stensili za Ngazi ya Kushuka, zote kumi na sita.

Évariste alipiga mluzi. Kila msomaji alijua kwamba Arsène aliapa kuzichoma baada ya kitabu cha sitini. Ndiyo maana sitini ilikuwa sitini.

"Shi ulisema ulichoma?"

"Sikuweza." Mzee aliketi juu ya ndoo. "Mama Martine alipiga kila herufi na vidole vyake. Nichome? Niliwasha kibiriti mara tatu. Munifunge, lakini sikutoa hata karatasi moja zaidi, haki ya Mungu!"

"Buku ya Jenny ilitoka kwako siku gani?"

"Siku moja mbele shimo ianguke. Steve akaibeba. Alisema Jenny amemutuma."

"Jenny hakumutuma," Évariste alisema.

"Minye nitajuaje? Muntu anakuja na souliers za kung'aa, anakusalimia papa, papa..."

Germaine alikuwa ameinua stensili ya kurasa kumi na ishirini na tatu kuelekea dirishani. Upande wa kumi kulikuwa na mpasuko mrefu, umejipinda mwishoni.

"Na hii?"

"Ile ilinitesa!" Arsène alisahau woga, akaamka. "Ilianza kupasuka ku buku ya kwanza. Kila nikizungusha, inaongezeka. Wino inapita pale, inaacha mustari mweusi. Kila karatasi, mustari inapita dada yake kidogo. Nilimwambia Mama Martine tupige stensili ingine, akakataa. Alisema ni muzuri, kila muntu atakuwa na mustari yake mwenyewe."

"Na namba unatiaka namna gani?"

"Vile zinatoka. Karatasi ya kwanza ni namba moja, ya mwisho ni sitini. Sichanganyake. Weye unaniona namna gani?"

Germaine aliomba rula. Mpasuko ulikuwa sentimita kumi na tano. Alifungua kitabu namba 31 ukurasa wa kumi, akapima mstari wake. Sentimita tatu.

Aligawa kumi na tano kwa sitini, akazidisha na thelathini na moja.

"Papa Arsène, kama ungechapa karatasi hii leo na stensili yako, mustari ingekuwa kumi na tano. Kama ilikuwa karatasi ya kweli ya thelathini na moja, ingekuwa saba na kitu. Iko tatu. Hauko weye."

Mzee alianza kulia. Germaine alimpatia leso, na pia alichukua rula yake.

Saa tano Évariste alizunguka mji na orodha ya Arsène. Saa sita wasomaji tisa walikuwa ofisini, kila mmoja amekumbatia kitabu chake. Ilibidi kubembeleza. Mwalimu Parfait, namba nne, aliweka chake juu ya meza akaacha mkono juu yake.

"Minakiweka, sikiachie," alisema.

"Mwalimu, sitakila."

"Juzi polisi ilikuja kuomba baiskeli yangu dakika tano. Nayo haikuliwa. Haikurudi."

Wa mwisho kufika alikuwa Steve, mtu wa miaka arobaini, viatu vinang'aa. Alitoa kwenye mkoba kisanduku cha mbao, ndani yake plastiki, ndani ya plastiki namba 12. Kisha akavaa glavu nyeupe.

"Muniache minye mwenyewe nifungue, Inspecteur. Mafuta ya vidole inaharibishaka kartasi."

"Inaonekana unalinda muzuri."

"Hakuna mukono mwingine wenye uligusa hii buku. Hata bibi yangu. Ufunguo iko hapa." Aligusa shingo. "Munaweza kutafuta Congo yote, hamutaona safi kama hii."

"Évariste, andika," Germaine alisema. "Andika vile vile alivyosema: hakuna mkono mwingine."

Steve alitabasamu kwa kusifiwa.

Walivipanga juu ya meza mbili, vyote vimefunguliwa ukurasa wa kumi. Germaine alipita na rula, Évariste aliandika. Namba nne, sentimita moja. Namba ishirini na nane, saba. Namba arobaini na nne, kumi na moja. Wasomaji walisogea, kila mtu anaangalia cha mwenzake kwa mara ya kwanza, kwa sababu katika miaka yote ile hakuna aliyemwazima mwenzake. Walidhani kitabu kikichapwa ni kile kile. Sasa waliona mstari unavyokua kutoka kitabu mpaka kitabu, kama mkia wa mjusi.

"Namba kumi na mbili." Aliinama juu ya kitabu cha Steve. "Tatu. Na pale mwisho inapinda kidogo kuelekea juu."

Kisha alileta 31, akakilaza pembeni. Tatu. Na pale mwisho ilipinda kidogo kuelekea juu.

Mwalimu Parfait ndiye aliyesema kwanza, polepole, "Ile karatasi ni mutoto wa hii."

"Wapi!" Steve alivua glavu moja. "Mustari ni mustari. Muntu anaweza kuwa alikopia yangu bila minye kujua."

"Muntu gani? Umesema hata bibi yako hakigusi."

Steve alivua glavu ya pili.

"Ulikaa na buku ya Dodo siku sita," Germaine alisema. "Ungekopia karatasi yake mwenyewe, leo sina kitu. Juu ya nini hukuikopia?"

Steve aliangalia kile kitabu cha mafuta, na uso wake ukakunjamana, kama mtu aliyeonyeshwa sahani chafu.

"Angalia vile ilikuwa," alisema. "Madole kila pahali. Fotokopi ingetoka nyeusi nyeusi."

Évariste aliandika hayo pia.

Steve alisikia alichosema, akaketi. Halafu, jambo lililomchoma Germaine kuliko yote, akaanza kujieleza kwa sauti ya mtu anayedai shukrani.

"Inspecteur, tusikilizane. Bale batatu balishakufwa. Minye sikuongeza hata mumoja. Mama Martine ni mwandishi mukubwa, na nani alimujua? Bantu sitini! Leo wananiandikia kutoka Bruxelles, kutoka Johannesburg, wanatafuta buku yenye iliita bantu mbele bafwe. Moja tu mu dunia. Minye njo nilimupatia jina."

"Ulimupatia cachot!" Germaine alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Ulimupatia mlango ya kuvunjwa! Wamemutafuta na petroli, unajua? Ungengoja nini, wamuchome, bei ipande? Mwandishi amekufwa, buku moja mu dunia?"

Steve aliinamisha macho, na kwa kuinamisha kule kila mtu chumbani aliona kwamba wazo hilo halikuwa geni kwake.

"Mungu wangu," Mwalimu Parfait alisema. Alichukua namba nne yake mezani, akasogea mbali na Steve mpaka ukutani.

Saa nane kasoro dakika kumi kamanda alisoma PV akiwa amesimama. Alisoma mara mbili. "Mumufungue Mama," alisema. "Mumupitishe nyuma, pole pole."

Lakini Mama Martine, alipoambiwa, alifunga kikwembe chake kwa nguvu.

"Nyuma? Waliniingiza mbele, bantu wakiangalia, bila kiatu. Nitatokea pale pale. Na munipatie viatu yangu."

Basi walitoka mbele. Germaine alitangulia, kitabu 31 na kitabu 12 mikononi, akawaeleza watu kwa sauti, bila haut-parleur: karatasi, mafuta, mstari, na jina la mtu. Wengine walikuja kuangalia kwa macho yao. Wengine walianza kutazama mbali, na mawe yakawa yanaanguka moja moja kando ya miguu, kama ya mtu aliyesahau alikuwa ameshika nini.

Mwanamke mmoja hakuondoka. Alikuwa Mama Rolly, aliyekaa chini mbele ya geti siku mbili nzima bila kula. Aliamka kwa shida. Alimtazama Mama Martine muda mrefu.

"Minye sijue kusoma," alisema. "Walinionyesha ku telefone, wakaniambia, ona, jina ya mutoto wako njo ile. Nikaamini."

"Ninajua, Mama," alisema Mama Martine.

"Nililetea jiwe mbili."

"Ninajua."

"Sitakuomba musamaha leo. Leo sina nguvu." Aligeuka kwa watu, sauti yake ikapanda. "Mufungue njia! Mama apite! Mwenye atamugusa, atanigusa minye mbele!"

Njia ikafunguka. Mama Martine akapita katikati yao, viatu miguuni, hakugeuza shingo.

Mama Rolly hakumfuata. Alimpita Germaine, akapanda ngazi mbili za ofisi, akaingia, akaketi kwenye kiti cha washitaki. Kwenye chumba cha pili Steve alisikika akiomba maji.

"Chukua bic yako, Inspekta," alisema. "Nashitaki. Mutoto wangu alikufwa mu udongo, siku tatu wakimuchimba. Na ule muntu akakaa kwake, na glavu, akamuuzisha."

Germaine alivuta karatasi mpya. Aliandika tarehe. Aliandika saa. Kisha, kwa sababu ndivyo PV inavyotaka, aliuliza jina kamili la marehemu.

Mama Rolly alisogeza kiti mpaka tumbo likagusa meza, macho yake kwenye ncha ya bic.

"Andika pole pole," alisema. "Minye nitaangalia."